Ushauri wa Kuchagua Kozi Mjini Mombasa: Alama Wanazijua, Ajira ya Pwani Bado

Nimetumia huduma ya ofisi ya binafsi iliyoko katikati ya mji wa Mombasa, ambayo kwa ada ya shilingi 1,000 huwasaidia waliomaliza kidato cha nne kuchagua kozi na kujaza maombi ya KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Nilimsindikiza mpwa wangu wa Msambweni, Kaunti ya Kwale, aliyepata B, pamoja na mama yake. Ninaandika kwa ajili ya wazazi wa Kwale na Kilifi watakaofunga safari kama yetu.

Katika kazi ya maombi yenyewe, sina ila la kusifu. Mshauri alimkokotolea mtoto pointi za klasta, yaani zile za masomo yanayohitajika kwa kozi husika, mbele yetu, akamwonyesha kozi zilizofungwa mwaka uliotangulia kwa pointi zinazozidi zake, kisha akaeleza tofauti kati ya mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na ufadhili wa serikali kwa lugha ambayo dada yangu, ambaye hakubahatika kusoma sekondari, aliifuata tangu mwanzo hadi mwisho. Hakumharakisha mtu, ingawa foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Dosari ilijitokeza mpwa wangu alipouliza, "Mwalimu, nikimaliza nitapata kazi huku kwetu?" Alishauriwa asomee uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kwa hoja kwamba Kwale ina mgodi mkubwa. Kozi hiyo ni ya maana na chuo hicho kinajulikana kwayo, lakini mgodi uliokusudiwa, ule wa Base Titanium, ulisitisha uchimbaji Disemba 2024, na mkazi yeyote wa Msambweni angeweza kumweleza hivyo. Mzazi anayeuza mbuzi ili alipe karo hastahili kupewa jibu lililopitwa na wakati.

Swali hilo lina uzito wa pekee hapa Pwani. Vyuo vikuu vyetu vya umma ni vichanga: taasisi ya ufundi ya Tudor na ile ya kilimo ya Kilifi zilipandishwa hadhi kuwa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007, zikawa vyuo vikuu kamili, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM) na Chuo Kikuu cha Pwani, mwaka 2013, naye Taita Taveta akafuata 2016. Kwa muda mrefu, kijana wa Lamu au Tana River aliyetaka shahada alilazimika kwenda bara, ambako familia yake haikuwa na jamaa wa kumpokea wala uwezo wa kumpangishia chumba, na waliofanikiwa wengi wao walibaki huko huko zilikokuwa ajira. Leo chuo kimesogea, lakini kazi haikusogea kwa kasi hiyo.

Hata bandari, tegemeo letu kuu, ina misukosuko yake. Agizo la mwaka 2019 la kupeleka mizigo Nairobi kwa reli liliwaumiza wenye maghala, malori na uwakala wa forodha hapa Mombasa, hadi watu wakaandamana barabarani. Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli hizo bandarini. Kijana anayefikiria shahada ya uchukuzi na ugavi anapaswa kuelezwa historia hiyo kabla hajabofya chaguo lake la kwanza. Vilevile, sikupendezwa na jinsi vyuo vya ufundi na kile cha ubaharia cha Bandari vilivyotajwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni vya walioanguka mtihani, ilhali stashahada ya umeme au ya mitambo ya meli inaweza kumweka mtu kazini papa hapa.

Kwa hiyo, nendeni kwao kwa hesabu ya pointi na ujazaji wa maombi, maana wanaifahamu kazi hiyo barabara na ada yao ni ya haki. Kuhusu ajira, waulizeni kwanza mafundi, mawakala wa forodha na mameneja wa hoteli mnaowafahamu. Ofisi hiyo ikiajiri mtu mmoja wa kuzungumza mara kwa mara na waajiri wa Changamwe, Shimanzi na Diani, nitawapeleka huko wadogo wa mpwa wangu bila kusita.