ELM327 ya bluetooth kwa Toyota ya zamani inayokula mafuta

Kwa mwenye Vitz, IST au Premio ya miaka ya 2002 hadi 2007 inayobugia mafuta bila taa ya injini kuwaka, ELM327, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi chini ya usukani na kutuma namba za kompyuta ya gari kwenye simu, inafaa kununuliwa. Bei yake haifiki ya tangi moja la petroli. Ila anayeitaka kwa kusoma kodi za hitilafu tu atavunjika moyo. Kompyuta ya gari kwa kawaida haiwashi taa mpaka marekebisho ya mafuta yafike takribani asilimia 25 au zaidi, kwa hiyo gari lililopotoka kwa asilimia 15 linaendelea kukutia hasara kimya kimya. Thamani ya kifaa iko kwenye namba zinazosomwa injini ikiwa inanguruma.

Dukani, ulizia toleo la 1.5, zilizoandikwa 2.1 nyingi ni nakala zilizopunguzwa amri. Mwenye iPhone atafute ya WiFi au Bluetooth LE, maana ya bluetooth ya kawaida haishiki. Halafu kuna hili linalowafanya wengi waseme wameuziwa feki: Toyota nyingi za soko la Japani za kabla ya 2008 zina soketi ileile chini ya usukani, lakini haziitiki kwa OBD2, lugha ya kawaida ya vifaa hivi. Programu ya simu inayosoma kifaa ikizunguka tu bila kuunganisha, ingia kwenye wasifu wa gari ndani ya programu ya Torque Pro, sehemu ya mipangilio ya ziada, uandike:

ATIB96 \n ATIIA13 \n ATSH8113F1 \n ATSPA4 \n ATSW00

Ikigoma, badili 8113 iwe 8213.

Ikishika, anza na joto la maji. Mafundi wetu wana mazoea ya kung'oa thamostati (vali inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) eti huku kwetu ni joto. Ya injini ya 1NZ-FE huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ikiondolewa, ukishika barabara kuu na upepo ukapiga rejeta, joto linashuka hadi 70 au hata 60, kompyuta inaichukulia injini kama bado haijapata moto, na inaongeza mafuta safari nzima. Vitz nyingi hazina hata mshale wa joto. Taa ya bluu ikizimika dereva anaridhika. Rudisha thamostati kwanza, ndipo usome namba nyingine, vinginevyo zote zitakudanganya.

Namba ya pili ni LTFT, yaani kiasi, kwa asilimia, ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza mafuta. Kati ya -10 na +10 usihangaike. Ikiwa -15, mafuta yanaingia zaidi ya hesabu: nozeli zinavuja, presha ya pampu imezidi, au sensa ya hewa inasoma juu. Ikiwa +15 kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, halafu inashuka ukipandisha mpaka mizunguko 2,500, tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Mtego uko hapa: namba ni chanya, lakini ukifungua plagi ni nyeusi kwa masizi. Hapo usisafishe nozeli. Kagua eksozi kabla ya sensa ya oksijeni. Tundu dogo pale linavuta hewa ya nje, sensa inaripoti kwamba mafuta ni machache, na kompyuta inazidi kumwaga. Sensa nzima hucheza haraka kati ya volti 0.1 na 0.9, iliyochoka hujikokota au hukwama sehemu moja.

Makadirio ya kilomita kwa lita yanayotolewa na programu msiyaamini sana. Jaza tangi mpaka pampu ikate, tembea, jaza tena kwenye pampu ileile, kisha gawanya. Na usiache kifaa kwenye soketi gari likilala siku kadhaa, kinanyonya betri.

Breki zinazokwama, ambazo nazo hula mafuta, kifaa hakizioni kabisa. Baada ya mwendo wa dakika kumi na tano bila kufunga breki sana, sogeza mkono karibu na kila rimu. Yenye joto kuliko wenzake, fungua kalipa yake.