Tahadhari: anauza stata za volti 6 zilizopakwa rangi kama za volti 12

Wenye Volkswagen Beetle za zamani hapa Kampala, Jinja, Mbale na Mbarara, kuna mtu anazunguka akiuza "seti kamili" ya kuhamisha gari kutoka umeme wa volti 6 kwenda volti 12. Msimpe pesa. Stata (mota inayoamsha injini) anayoiita mpya ni stata kuukuu ya volti 6 iliyooshwa na kupakwa rangi nyeusi, na kebo zinazokuja nayo si shaba. Ameniuzia mimi, amemuuzia mzee mmoja wa Jinja, na kuna kijana wa Mbale ambaye gari lake nusura liungue kwa kazi ya mtu huyuhuyu.

Niseme mapema kwamba hana duka, kwa sababu tayari nimesikia watu wakiwalaumu wafanyabiashara wa Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Kisekka ukinunua kwenye kibanda unajua pa kurudi. Huyu kazi yake ni ya simu. Anakutumia picha, mnapatana bei, unatuma nusu kwa Mobile Money, kisha anakuja nyumbani au mnakutana kituo cha mafuta akiwa na fundi wake. Ni mpole, anajieleza vizuri, na anayajua magari haya kwa undani. Ndiyo maana watu wanamwamini.

Soko lake lipo kwa sababu vipuri ni haba. Tangu 2018 sheria imezuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwa hiyo Beetle tulizo nazo ni zilezile walizoacha wazazi wetu. Wengi tunazipenda kwa sababu ya historia: mwaka 1962 Beetle ilishinda mbio za East African Safari, enzi ambazo magari ya mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Beetle nyingi za kabla ya modeli ya 1967 zilitoka kiwandani na volti 6. Betri za volti 6 ni shida kupatikana na taa zake ni hafifu, kwa hiyo mtu akikuahidi volti 12 kwa siku moja, unamsikiliza.

Sasa tazameni jinsi anavyofanya. Anafunga betri ya volti 12, anabadilisha taa na koili, anafunga stata "mpya", halafu anakuambia uwashe. Gari linashika papo hapo, stata inazunguka kwa kasi ambayo hujawahi kuisikia, na unafurahi. Kasi hiyo yenyewe ni dalili. Stata ya volti 6 ikipewa volti 12 huzunguka kwa nguvu kupita kiasi, na meno yake huyagonga meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa kishindo. Solenoidi, yaani swichi ya sumaku iliyo juu ya stata, ndiyo inayoteseka zaidi: koili ileile ikipata volti mara mbili hutoa joto mara nne. Baada ya muda utasikia "tik" tu ukizungusha ufunguo, au stata itakataa kuzima hata ukiurudisha ufunguo, kwa sababu vigusio vya ndani ya solenoidi vimeshikana kwa joto. Likikupata hilo, usihangaike na ufunguo. Inua kiti cha nyuma, betri iko chini yake, uvue waya wake mara moja.

Sisemi stata ya volti 6 haiwezi kabisa kufanya kazi kwenye volti 12. Wapo wanaoitumia hivyo kwa muda mrefu, hasa injini ikiwa inawaka upesi. Lakini wao wanajua walichofunga. Ukimuuzia mtu stata ya volti 6 kwa jina na bei ya volti 12, huo ni wizi.

Kinachoniuma zaidi ni hatua inayofuata. Stata ikianza kusumbua unampigia simu, anapokea, anakuja. Mara ya kwanza anasema betri ni mbovu, anakuuzia betri. Baadaye ni swichi ya ufunguo. Kisha anasema giaboksi imekula meno, na hapo bei inapanda kwelikweli. Kila akija anaondoka na kitu: kebo zako za zamani, dainamo yako, stata yako ya asili, akisema "hizi ni takataka, nitakutupia." Mzee wa Jinja alipokwangua rangi kwenye stata aliyouziwa, chini yake palikuwa na maandishi ya "6 V" yaliyosagwa kwa grainda lakini bado yanasomeka. Nami nilipokwangua yangu nilikuta hivyohivyo. Stata anayokuondolea leo ndiyo anayoipaka rangi kwa mteja wa kesho. Usimwachie kifaa chako cha zamani hata kimoja.

Kuna njia ya kumbaini kabla hujalipa. Stata za kawaida za Beetle hizi hazijitegemei. Ncha ya shafti inashikwa na bushi (pete ndogo ya kushikilia shafti) iliyomo kwenye giaboksi. Shafti ya stata ya volti 6 ni nene kuliko ya volti 12, kwa hiyo anayefunga stata halisi ya volti 12 ni lazima atoe bushi ya zamani na kuweka yenye tundu dogo zaidi, au alete ile stata isiyohitaji bushi kabisa. Muulize, "Bushi iko wapi?" Stata yake ikiingia kwenye bushi ya zamani ikakaa sawasawa bila kulegalega, umepata jibu. Na kinyume chake: ukinunua stata halali ya volti 12 ukaacha bushi pana ya zamani, shafti itayumba, sehemu inayozunguka itakwaruza sumaku za ndani, na stata itakwama huku ikila umeme mwingi. Hapo hujatapeliwa. Kazi tu haijakamilika.

Flaiwili nayo ina maswali yake. Ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130 na ni kubwa zaidi, kiasi kwamba kwenye giaboksi ya volti 6 inabidi usage kidogo ndani ya kasha lake ili isikwaruze. Muuzaji wa kweli atakuuliza una flaiwili ipi kabla ya kutaja bei ya stata. Huyu hajamuuliza hata mmoja wetu.

Sasa kebo. Mfumo wa volti 6 unahitaji mkondo mara mbili ili utoe nguvu ileile, ndiyo maana kebo za asili zilikuwa nene. Zikiwa nzima, hazina kasoro yoyote kwenye volti 12, na ni bora kuliko nyingi zinazouzwa sasa. Huyu anazing'oa na kukuwekea kebo yenye plastiki nene na waya mwembamba ndani. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba.

Ili asikuuzie kifaa cha pili na cha tatu, pima mwenyewe. Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, na mwenzako azungushe ufunguo kwa sekunde chache tu. Betri nzima iliyotulia husoma kama volti 12.6, na stata ikizunguka isishuke chini ya 10 hivi. Ikishuka sana, ipeleke ikapimwe kwa mzigo kabla ya kununua nyingine. Kisha gusa nondo (kichwa) chanya ya betri kwa waya mmoja wa mita na boliti kubwa ya stata kwa waya mwingine, stata ikiwa inazunguka. Hapo unapima volti zinazopotea njiani. Zikizidi 0.5, ubovu uko kwenye kebo au viungo vyake. Fanya vivyo hivyo kati ya nondo hasi na mwili wa stata. Mwisho pima kwenye kile kiunganishi kidogo cha solenoidi chenye namba 50, ufunguo ukiwa umezungushwa. Waya wake unatoka mbele ya gari hadi nyuma, na ukichakaa volti hazifiki. Dawa yake ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya bei ndogo karibu na stata. Ukikuta yote haya yako sawa na stata bado ni nzito, hapo ndipo unaifungua.

Usisahau ule mkanda wa ethi uliosukwa, unaounganisha giaboksi na bodi. Kwangu fundi wake aliuvua na hakuurudisha. Bila mkanda huo umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia iliyopo ni kebo ya klachi au ya mafuta, ambazo hupata moto hadi kutoa moshi. Ukiona kebo hizo zinafuka, angalia ethi kwanza.

La kijana wa Mbale ni kubwa kuliko yote. Betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma. Aliuziwa betri ndefu ya volti 12, bila kifuniko. Abiria walipokaa, springi za kiti ziligusa nondo za betri na kiti kikaanza kuwaka gari likiwa njiani. Walitoka wote salama. Kama mtu huyu amekufungia betri, nenda leo uinue kiti utazame nafasi iliyobaki juu yake, na uweke kifuniko cha mpira au plastiki ngumu kabla hujambeba mtu.

Siku hizi anawafuata pia wenye magari ya Uingereza na trakta za zamani. Mengi ya hayo yana ethi chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na Beetle. Oltaneta (jenereta ya kuchaji betri) ya kawaida ikifungwa humo bila kugeuza mfumo mzima, dayodi zake huungua mara tu betri inapounganishwa.

Waliokwisha kumlipa, tunzeni ujumbe wa Mobile Money, picha alizotuma na stata yenyewe. Msiirekebishe kwanza. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya 2017 inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo, na picha zake zimeandikwa "12V mpya". Mimi na mzee wa Jinja tumeandikisha malalamiko polisi. Wengine mkiandikisha, kila mmoja kwenye kituo cha karibu naye, ombeni namba ya kumbukumbu mtutumie, ili mashauri yasomwe pamoja.