Filta ya kopo kwa tangi la kobe wa majini: uzoefu wangu

Kabla hujatoa pesa yako, jua kwamba galoni zilizoandikwa kwenye boksi la filta zimepigiwa hesabu ya samaki. Kobe wa majini ni mgeni wa aina nyingine. Anakula kama mtu aliyeshinda akibeba zege, anararua chakula, nusu inazama, kisha haja zote anamalizia humo humo. Ndiyo maana tangi langu ni la galoni 75 lakini filta niliyonunua imeandikwa galoni 150, na sioni kama imezidi.

Kobe mwenyewe ni yule mwenye mchirizi mwekundu nyuma ya jicho, asili yake bonde la mto Mississippi, anayefugwa sana hapa Marekani. Usidanganyike na udogo wake akiwa dukani. Jike hufika inchi 10 na zaidi, na wafugaji wengi wanahesabu galoni 10 za maji kwa kila inchi ya gamba.

Filta hii inakaa chini, ndani ya kabati. Mpira mmoja unavuta maji, mwingine unayarudisha, na katikati yanapita kwenye sponji na vipande vya kauri. Nikiifungua nakuta tope la kahawia, mabaki ya majani, na vile vigamba vyembamba anavyobambua mgongoni, vinapitisha mwanga kabisa. Sponji nazikamulia kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Ya bomba yana klorini, nayo huua bakteria wanaoishi humo, na hao bakteria ndio wenye kazi yote: wanageuza amonia, ile sumu inayotokana na haja za kobe, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali sana. Ukiwaosha wote wakaisha, umebaki na pampu inayozungusha mkojo.

Nitrati haitolewi na filta hii, iwe ya bei gani. Inatoka kwa kubadilisha maji, na mimi hubadilisha robo ya tangi kila wiki, ya bomba nikiyatia kwanza dawa ya kuondoa klorini. Muuzaji hatakwambia hilo. Wala usiyaamini macho, maana maji ya kung'aa yanaweza kujaa amonia. Nina kipimo cha matone: rangi ikibaki njano niko salama, ikianza ukijani natafuta ndoo. Maji machafu yanamwagwa chooni, siyo kwenye sinki la jikoni, kwa sababu kobe hubeba salmonela, bakteria wanaowaharisha watu, hata akiwa mzima wa afya. Hiyo salmonela ndiyo iliyofanya Marekani ipige marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4.

Malalamiko ninayo. Vibanio vya mfuniko ni vigumu mno, vinataka mikono miwili na kiuno kizima. Vinyonyo vinavyoshika bomba kwenye kioo, kobe anaving'oa akipita tu. Halafu kelele: tangi la kobe halijazwi hadi juu, kwa hiyo maji yanayorudi yanadondoka kutoka mbali, na usiku unayasikia chumba cha pili. Ukizamisha mdomo wa bomba kelele inakwisha, ila hewa inayoingia majini inapungua. Kobe haimhusu, anapumua kwa mapafu, lakini wale bakteria wanaihitaji. Mimi nimeuacha mdomo usawa wa maji, nusu nje nusu ndani.

Na filta haishiki nafasi ya taa. Bila taa ya UVB, yaani ya miale kama ya jua, na pahali pakavu pa kuota joto, gamba litalegea hata maji yawe safi vipi.

Nyota nne kati ya tano. Mwenye tangi la galoni 20 na kobe mchanga asiinunue kwa sasa. Ile filta ndogo ya kutumbukiza inamtosha, pesa hiyo aiweke kwenye tangi kubwa kwanza.