Dodoso lisilo na jina au mahojiano ya ana kwa ana?

Mtafiti anayetaka kujua ni mara ngapi wauguzi wa Dar es Salaam huchomwa na sindano zilizokwisha kutumika ana njia mbili. Dodoso lisilo na jina humlinda muuguzi anayehofia lawama za msimamizi wake, lakini aliyechomwa jana hawezi kutafutwa, ilhali dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72 na kutumiwa kwa siku 28. Mahojiano humwezesha mtafiti kumwelekeza mhojiwa kliniki papo hapo, ingawa fomu ya ridhaa huacha jina lake kabatini. Binafsi ningechagua dodoso, likiambatana na karatasi inayoeleza dawa zinapatikana wapi, kwani siri za wodini huvuja kabla chai haijapoa.