Vaal Orb ya Path of Exile: uzoefu wangu na kuapgredi vitu kwa kubahatisha

Nimecheza magemu mengi ya kupigana na kuokota silaha, na karibu yote yana ile sehemu ya kuapgredi kwa kubahatisha, unaweka upanga wako, unabonyeza, unaomba Mungu. Iliyonikaa moyoni mpaka leo ni moja, Vaal Orb ya Path of Exile. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na naandika kwa sababu naona watu wengi wanaiogopa bure na wengine wanaitumia ovyo halafu wanalia.

Kwa asiyeijua: Path of Exile ni ya Grinding Gear Games wa New Zealand, ilitoka rasmi 2013, kucheza ni bure. Hii orb, yaani kijitufe cha kubadilisha vitu kinachotumika mara moja, iliongezwa 2014 (naongelea PoE ya kwanza hapa, sio ya pili). Unaibofya, unabofya kitu chako, na kitu kinaandikwa Corrupted kwa rangi nyekundu, basi, orb za kawaida hazikigusi tena. Kwa nguo na silaha kuna mambo manne yanayoweza kutokea na nafasi ni robo kwa robo: hakuna kinachobadilika, au matundu ya kuchomekea vito yanageuka meupe yanapokea kito cha rangi yoyote, au implicit ya kitu (sifa ya asili inayokuja nacho) inaondoka inakuja nyingine ya pekee ambayo huipati kwa njia za kawaida, au kitu kinageuka rare, daraja la vitu visivyo na nguvu maalum, yenye sifa mpya za kubahatisha. Hilo la nne ndio linaliza watu, maana kama kilikuwa unique (kitu chenye jina na nguvu yake maalum) jina linapotea na nguvu yake yote inaondoka nalo.

Sasa kwa nini naipenda. Kwanza gemu haikulazimishi. Unaweza kumaliza stori yote, ukaingia kwenye mamapu (maeneo magumu ya baada ya stori), ukapiga mabosi wakubwa na hujagusa Vaal Orb hata moja, ni yako wewe kuamua leo nina vitu viwili vinavyofanana acha kimoja nikijaribu. Nimewahi kucheza gemu moja ya simu, siitaji jina, pale bila kupandisha silaha huvuki hatua inayofuata, na ukifeli silaha inashuka au inavunjika kabisa, halafu pembeni wamekuwekea duka wanakuuzia kinga ya kuzuia isivunjike kwa hela halisi. Ile ilinikera sana na bado inanikera, hofu unatengenezewa na mtu yule yule anayekuuzia dawa. Path of Exile dukani wanauza mapambo na nafasi za kuhifadhia vitu, Vaal Orb yenyewe unaiokota ukipiga maadui au unabadilishana na wachezaji wenzako.

Ila pale inaponoga kabisa ni kwenye vito, yaani skills zako. Kito cha kawaida kinaishia leveli 20, kufika 21 njia ya kawaida ni kupitia kwenye Vaal Orb. Na nafasi ya kupanda leveli moja, kwa hesabu ambayo wachezaji wameshaizoea, ni moja kati ya nane, kushuka leveli nayo ni moja kati ya nane, kwingine ubora unabadilika, au kinageuka toleo la Vaal la skill hiyo kama lipo, au kinabaki vile vile. Ukikiangalia kimoja unakata tamaa. Lakini ile seti ya pili ya silaha usiyoitumia, vito ukivichomeka humo vinapata uzoefu wakati wewe unacheza mambo yako, kwa hiyo unapachika nakala sita za kito chako kikuu, unasahau, siku vikifika 20 unavitoa na kuvipiga vyote kwa mpigo mmoja. Nafasi ya angalau kimoja kutoka 21 inazidi nusu kidogo. Nakumbuka nimevipanga sita kwenye stash (sanduku la kuhifadhia vitu), cha kwanza kimebaki hivyo hivyo, cha pili kimerudi 19, moyo unadunda, na cha nne nikaona 21 pale kwenye maandishi nikasimama kwenye kiti kabisa. Wala sikuwa na wasiwasi wa kubaki mikono mitupu, kile kito nilichokuwa natumia kila siku hakikuwa kwenye meza, kilikuwa salama kwenye joho langu.

Nimejaribu pia Tabula Rasa, lile joho la matundu sita meupe yaliyounganika ambalo wengi huanzia nalo, watu wanalipiga Vaal wakitafuta implicit ya kuongeza leveli moja kwenye vito vilivyomo. Langu moja liligeuka Simple Robe rare ya ajabu ajabu. Iliniuma, ila nilikuwa na la akiba, jioni ile ile nikaendelea na mapu zangu.

Last Epoch, gemu nyingine ya aina hii, wao wamepita njia nyingine, kila kitu kina Forging Potential, kila ukikrafti inapungua kwa kiasi usichojua, ikifika sifuri kitu hakikraftiki tena ila kinabaki kizima na unaendelea kukivaa. Zamani kabla hawajabadilisha kilikuwa kinaweza kupata ufa. Ni mfumo wa upole na kwa mtu mgeni ningemwambia aanzie huko. Lost Ark nao kila ukifeli kuna mita inajaa, ikijaa unapandisha kwa uhakika, kwa hiyo hata kufeli kunakusogeza. Nzuri zote, ila hakuna inayonifanya nishike pumzi kama hii.

Ile nusu nyota nimeikata kwa sababu ukisoma maelezo ya orb ndani ya gemu yanakwambia tu inabadilisha kitu bila kutabirika, hizo robo robo na moja kati ya nane unaenda kuzitafuta nje. Korea Kusini tangu Machi 2024 sheria inataka kampuni zitangaze nafasi za vitu vya bahati nasibu vinavyouzwa. Vaal Orb haiuzwi dukani kwa hiyo haiwahusu hapo, lakini kwa nini tusiandikiwe tu, mchezaji ajue anachokiingia.

Na kama unaanza, usikimbilie Locus of Corruption, chumba cha kukorapti vitu kwa nguvu zaidi kwenye hekalu la Atzoatl ndani ya gemu. Kule kitu kinaweza kutoka na implicit mbili kwa mpigo, ndio, na kinaweza pia kupotea kabisa usikione tena hata kama rare. Anza na vito, nakala sita, seti ya pili ya silaha, na usiweke kile unachokitumia.