Kipimajoto cha waya kwenye tanuri la kuni: kipimo safi, waya wa hovyo

Naoka mikate na skonzi Igoma, hapa Mwanza, tanuri la matofali, kuni tupu. Miaka yote kipimo chetu kilikuwa unga: unarusha kidogo sakafuni mwa tanuri, ukiungua papo hapo unasubiri, ukibaki mweupe unaongeza kuni, ukigeuka rangi ya chai taratibu unaingiza trei. Njia hiyo naiheshimu mpaka leo. Shida yake ni kwamba anayeijua ni mimi na kijana wangu wa tanuri, na kijana akipata msiba kwao Sengerema, kukesha kunakuwa kwangu. Nikaenda mjini kutafuta kitu ambacho hata mgeni anaweza kukisoma.

Muuzaji alianza kunishikisha bastola, yaani kipimajoto cha kulenga kitu bila kukigusa. "Mayu, chukua hii, unalenga tu." Ya kwanza aliyotoa ilikuwa zile za enzi za korona, za kupima paji la uso! Zile ni za joto la mwili, zikivuka arobaini na kidogo hazina tena la kusema. Akatoa nyingine, ya mafundi. Hii si mbaya, na kwa sakafu ya matofali ningeipendekeza kwa mtu yeyote. Ila inasoma uso wa kitu tu, na kwenye chuma kinachong'aa inadanganya. Mlango wa tanuri langu ni stenlesi. Ukilenga palipo safi unapata namba ya chini kiasi cha kuchekesha. Sogeza kidogo mpaka penye masizi, namba inaruka. Chuma king'aacho hakitoi vizuri mionzi ya joto lake, kinarudisha ya vitu vilivyo mbele yake. Na mimi nilitaka kujua ndani kukoje mlango ukiwa umefungwa. Nikamwambia, mwanangu, lete cha waya.

Hicho ndicho nilichonunua, shilingi 48,000 baada ya kuvutana sana: kiboksi cha kushika mkononi, kioo cha namba, betri ya mraba ya volti 9, na matundu mawili ya kuchomeka waya wa aina ya K (nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, ndizo zinazohisi joto), kwa hiyo kinasoma sehemu mbili kwa mpigo.

Kabla hakijagusa tanuri nilikijaribu kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Kikaandika 96. Kijana akasema tumeuziwa kibovu, maji si yanachemka mia? Mia ni huko Dar, pwani. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji ya Mwanza yanatokota kwenye 96 hivi. Kingeandika 100 ndipo ningepanda daladala kukirudisha.

Waya mmoja niliuweka ndani ya tanuri, usawa wa trei, mbali kidogo na ukuta. Wa pili fundi alitoboa bomba la moshi, juu kidogo ya mahali linapoanzia, akauingiza. Watu wengi wangeishia na ule wa kwanza, lakini pesa yangu imerudi kupitia huu wa pili. Matofali ni mazito kupata habari. Kijana akisukuma magogo ya mwembe mkavu, bomba linapanda kutoka 200 kwenda 300 na zaidi wakati tanuri bado linasoma 215 kama vile hakuna kilichotokea. Ukisubiri mpaka tanuri lenyewe lionyeshe 260 ndipo ufunge hewa, umechelewa, kwa sababu joto lililokwisha kuingia kwenye matofali halirudi nyuma, na mkate utaungua juu huku katikati ukiwa ugali. Sasa anatazama namba ya bomba, anabana kimlango cha majivu mapema, na tanuri linatulia kwenye 220 ya mikate. Skonzi zinangoja ishuke mpaka 190.

Masika napo, kuni zikija na maji yake, namba ya bomba inajikokota chini na moshi unakuwa mzito mweupe. Hapo ndipo ile lami nyeusi inapojibandika ndani ya bomba, na ikijaa siku moja inaweza kushika moto. Wenzetu wa nchi za baridi wanaoota moto wa kuni majumbani wanaiogopa sana, ndiyo maana wanabandika kipimajoto cha sumaku chenye mshale kama saa kwenye bomba na kuhakikisha uso wa bomba hauzembei chini ya nyuzi 115 hivi. Wale ambao jiko lao la chuma limechomekwa ndani ya ukuta hawaoni bomba la kubandika, nao hupitisha waya kama mimi. Usichanganye lakini namba zao na zangu: sumaku inasoma ngozi ya bomba, waya wangu uko ndani kwenye moshi wenyewe, ambako joto linaweza kuwa karibu mara mbili.

Lawama zangu sasa. Waya unaokuja kwenye boksi ni mwembamba, umevikwa uzi tu, haukutengenezewa moto wa kuni. Ule wa bomba ulikauka, ukachanika, ukaanza kurukaruka namba kabla sijauzoea. Duka likasema waya hauna waranti. Unachohitaji ni fimbo ya K iliyovikwa chuma; yangu niliagiza Dar ikaja kwa basi, 25,000 pamoja na nauli yake. Fundi akiiunga, hakikisha hajapindua nyaya mbili, maana zikipinduliwa namba inashuka kadiri moto unavyopanda, na utamlaumu muuzaji bure.

Kiboksi nacho kisikae karibu na tanuri. Kioo kinakuwa cheusi, na vipimo vinayumba kwa sababu kinahesabu pia joto la pale kilipo chenyewe. Changu kinaning'inia kwenye msumari upande wa gunia za unga. Taa ya kioo inajizima upesi mno, ukiwa na mikono ya unga saa tisa usiku ni kero kweli. Tumekisogezea balbu.

Nyota nne kwa kiboksi, moja kwa waya wake. Kama unaoka kwa kuni, nunua fimbo siku hiyohiyo unayonunua kipimo, na uliza kabisa kama dukani wanazo, maana mjini hapa nilizunguka mpaka Makoroboi sikuona.