Mwaka mmoja na baiskeli ya mtumba ya Kijapani hapa Tanga: uzoefu wangu

Haya namwandikia hasa mwanamke mwenzangu anayetaka baiskeli ya matembezi, si ya kubebea mkaa wala ndoo za samaki. Mimi ni mwalimu, nakaa Chumbageni. Jioni naenda ufukweni Raskazone kupunga upepo, na Jumamosi moja moja natoka baada ya sala ya alfajiri hadi Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kutoka mjini. Mji wetu ni tambarare, kila mtu anaendesha, kwa hiyo nilidhani kuchagua baiskeli ni kuangalia rangi na bei.

Kwanza niliazima ya mpwa wangu, ile ya milimani yenye gia 21. Siku mbili zilinitosha. Bomba la juu liko juu mno kwa mtu aliyevaa dera, cheni iko wazi inameza nguo, na matairi yale mapana yenye meno yanaifanya lami iwe nzito kama mchanga. Gia 21 za nini Raskazone? Hapo ndipo nilipoanza kutazama njia zangu na mavazi yangu kabla ya kutazama baiskeli.

Nikachukua ya kike ya mtumba kutoka Japani, nikainunua mtaa wa Ngamiani kwa shilingi 180,000. Fremu imeshuka chini, unaingiza mguu bila kunyanyua nguo. Cheni ina kifuniko, gurudumu la nyuma lina kinga ya nguo, kikapu mbele, na gia 3 zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma. Kibandiko cha usajili wa Japani bado kipo kwenye fremu, sijakibandua. Muuzaji aliniambia, "Iko tayari hiyo, dada, panda tu."

Haikuwa tayari. Wiki tatu za mwanzo magoti yaliniuma nikawa napanda ngazi za shule kwa kushikilia ukuta. Baiskeli ilikuwa nzito, gia ya pili ilikuwa inaruka, nikaanza kutafuta mtu wa kumuuzia. Jirani ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mwarobaini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Usiniambie inaumwa nini. Panda nikuone."

Nikazunguka mara moja. Akacheka kidogo, akasema goti langu linapanda juu kama la mtoto kwenye baiskeli ya kuchezea. Aliniambia nikae kwenye siti, niweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu ukiwa umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa mbele ya unyayo sasa, goti linabaki limekunjwa kidogo tu, na hapo ndipo pa kuendeshea. Siti yangu ilihitaji kupanda karibu upana wa kiganja. Nguzo yake ilikuwa imeshikwa na kutu ndani ya fremu, akaimwagia mafuta na kuiacha hadi kesho yake. Ilipotoka aliisugua, akaipaka grisi, akanionya: hapa kwetu chumvi ya bahari haipumziki, kila baada ya miezi michache ichomoe, ipake tena, la sivyo itaota humo ndani.

Siku hiyo ya pili nilikaa naye tangu asubuhi hadi adhuhuri, na ninaona hizo ndizo saa zilizonipatia baiskeli. Aliigeuza matairi juu, akazungusha gurudumu huku ameshika kipande cha chaki karibu na ringi. Palipopinda paligusa chaki. Akakaza spoku za upande mmoja, akalegeza za upande wa pili, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na kila mara akizigonga kwa ukucha kusikiliza sauti. Iliyolegea inalia kama kamba iliyochoka. Gurudumu la mbele lilipofunguliwa, grisi kwenye gololi ilikuwa imekauka kama nta, ndiyo maana nilikuwa najiona nasukuma mkokoteni. Kisha gia. Aliweka namba 2, akanionyesha kidirisha kidogo karibu na ekseli ambamo kuna alama inayotakiwa kukaa katikati ya mistari. Waya ulikuwa umelegea tu. Akanifundisha pia kuacha kukanyaga kidogo ninapobadili, na kwamba gia za ndani hubadilishwa hata ukiwa umesimama, jambo ambalo ile ya mpwa wangu haiwezi.

Kazi yote, na waya mpya wa breki, shilingi 22,000. Magoti yalipona wiki hiyohiyo.

Kosa langu jingine nalitaja kwa uchungu. Tairi la nyuma lilipochakaa nilikwenda dukani nikaomba "inchi 26", nikapewa, nikalipa, nikarudi nyumbani. Halikuingia. Kumbe 26 ya baiskeli ya milimani na 26 ya baiskeli ya mjini ya Kijapani si kitu kimoja: ringi ya kwanza ina kipenyo cha milimita 559, yangu 590. Usitaje inchi. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi kuukuu, yangu imeandikwa 37-590, uiandike kwenye simu kabla ya kutoka. Muuza duka alikataa kulirudisha, na hadi leo limening'inia ukutani.

Siku hizi matunzo ni yangu mwenyewe. Nikitoka Raskazone napitisha kitambaa kwenye cheni, tone moja la mafuta kila pingili, nafuta yanayozidi, maana mafuta mengi huita mchanga. Mara moja kwa muda napima kwa futi ya fundi cherehani: pini hadi pini, pingili 24 zinatakiwa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, cheni imekwisha na meno yameshaanza kuliwa. Upepo ukitoka polepole usikimbilie kuziba pancha. Tazama kwanza kile kijipira cha ndani ya vali, changu kilikuwa kimechanika.

Kasoro zipo. Ni nzito, kuipandisha ghorofani usithubutu. Breki ya nyuma inalia asubuhi yenye unyevu hadi mbuzi wanageuka. Kikapu kimeshika kutu. Njia ya vumbi na kokoto ya kuingilia mapangoni inakutingisha mpaka meno, pale ya mpwa wangu inaishinda yangu waziwazi. Na vipuri vya ndani ya habu sijavipata madukani hapa, kwa hiyo unaponunua ijaribu gia zote tatu ukiwa umeipanda, si kwa kuzungusha pedali kwa mkono.

Hata hivyo nikipewa tena hizo 180,000, nitanunua hiihii, na nitaipeleka kwa babu siku hiyohiyo kabla sijaipanda hata mara moja. Mdogo wangu naye anataka yake. Ni mfupi kuliko mimi, kisigino chake hakifiki pedali ya yangu hata siti ikishushwa yote, kwa hiyo tunamtafutia yenye magurudumu ya inchi 24.